Shuka Sita

Dobi wa wodi ya wazazi alimimina maji ya moto juu ya shuka zenye damu, na mvuke ulipompanda usoni ndipo akajua alichokifanya. Miaka tisa alikuwa akifua damu za wenzake, na hata aliyeanza kazi juzi anajua kuwa damu hutanguliziwa maji baridi. Ya moto huipika, ikang'ang'ania uzi, isitoke tena. Alizivuta shuka zote sita akazitumbukiza kwenye karai la maji baridi, akasugua mpaka vidole vikamwasha, lakini madoa yalikwisha kugeuka kahawia.

Mwenzake wa kupiga pasi, mwanamke mnene mwenye maneno mengi ambaye kila mtu alimwita Bibi Pasi, aliinua shuka moja akaiangalia dirishani.

"Una nini leo, mwenzangu? Hata mimi, mvivu niliyekubuhu, sijawahi kuipika damu hivi."

Dobi alitaka kucheka, akashindwa. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia bila kujificha.

"Daktari kasema kizazi kitolewe," alisema. "Kesho."

Bibi Pasi aliegesha pasi. Alizijua habari za ule uvimbe wa kizazi, na damu ya nusu mwezi kila mwezi, na zile mimba mbili zilizotoka kabla tumbo halijaonekana. Ndiye aliyemwazima koti lake kila alipochafuka kazini.

"Na ukikataa?"

"Damu mwilini imebaki kidogo mno. Mwaka siumalizi."

"Shemeji anasemaje?"

"Anasema nisaini. Anasema anayemtaka ni mimi." Alijifuta pua kwa mkono. "Lakini kile chumba kidogo, alichokipaka rangi tangu mimba ya kwanza, hakuwahi kukubali tuweke hata ufagio. Jana kaingiza baiskeli yake mle."

Bibi Pasi aliketi sakafuni kando yake.

Miaka yote hiyo dobi alikuwa akizikamua shuka huku akijiambia kuwa iko siku mtu mwingine ataifua ile atakayojifungulia yeye. Aliwaonea wivu wanawake wa wodi ile, wivu mbaya aliouficha hata kwenye sala. Sasa aliuchukia mwili wake uliokuwa ukimmaliza, na bado hakutaka mtu aukate.

"Nitarudije hapa?" aliuliza. "Niambie, nitazishikaje tena shuka hizi?"

Bibi Pasi alizitoa shuka karaini, akazianika. Zilipokauka, alizipiga pasi zile shuka sita kwa makini kuliko siku nyingine yoyote, akazikunja, akazipeleka mwenyewe kwenye stoo ya wodi zote.

Asubuhi iliyofuata, kwenye wodi ya upasuaji, muuguzi kijana alimtandikia dobi kitanda. Akasita, akalainisha shuka kwa kiganja.

"Samahani, mama. Hili doa limekataa kutoka. Lakini shuka ni safi kabisa."

"Najua," alisema.

Alipanda kitandani taratibu. Doa lilikuwa chini ya kiuno chake hasa, pale ambapo mwanamke mwingine, siku mbili zilizopita, alikuwa amelala akimsukuma mwanawe azaliwe. Alilipenyezea kiganja, akafumba macho.

Wahudumu walipokuja na machela kumchukua, aliwaomba wamwache dakika moja tu.