Shahidi wa Kiti cha Nyuma

“Ulikunywa chupa ngapi, Mwalimu?”

Nilimjibu wakili kwamba mbili. Aliweka kalamu mezani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

“Kila aliyekalia kiti hicho alikunywa mbili,” alisema. “Sijui zile nyingine huwa zinanywewa na nani.”

Pembeni, mama mkwe alikuwa amekumbatia mkoba wake, macho kwenye zulia. Nikasema sita. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitamka namba hiyo, hata kimoyomoyo.

Ni miaka kumi na miwili sasa tangu asubuhi ile. Wakati huo nilikuwa nafundisha watu kuendesha magari, na mjini walinibandika jina la Breki, maana ndilo neno nililolitamka kuliko salamu. Wakili mwenyewe alipitia mikononi mwangu. Mara mbili nilikataa kumpeleka kwenye mtihani kwa sababu alirudisha gari nyuma kama anayefukuzwa na nyuki. Siku alipofaulu aliniambia iko siku nitamhitaji, tukacheka wote wawili. Mdomo huumba.

Yaliyonipeleka kwake yalitokea Jumapili, mchana kweupe. Shemeji yangu alikuwa amestaafu, tukamfanyia tafrija, nami nikawa miongoni mwa waliokaa karibu na kreti. Ilipogonga saa tisa mama mkwe akataka kurudi nyumbani. Nilisimama, nikajiona niko imara, nikasema nitampeleka mwenyewe, naye akapanda kiti cha nyuma. Pombe ina ujanja wake: huanza kumlewesha yule mlinzi wa ndani ambaye angekwambia umelewa. Kwenye kona ya pili gari liliacha barabara, likaruka mtaro, likagota ukuta wa shule. Shule ilikuwa imefungwa. Hakuna aliyeumia. Askari wa barabarani walikuja na kifaa chao, nikapuliza, na mama mkwe wakamkalisha kwenye tofali, akawa anaupanga mtandio wake upya, tena na tena, ingawa haukuwa umevurugika.

Wakili alisoma karatasi za polisi mara tatu. Fomu ya kipimo, alisema, haikuwa na saini ya askari aliyenipima, na saa iliyoandikwa ilitangulia ajali yenyewe. Angeweza kuomba kipimo hicho kitupwe. Hapo upande wa mashtaka ungebaki kumtegemea mtu mmoja tu aliyekuwa nami garini.

Sote wawili tukamgeukia mama mkwe.

“Ni haki yako kuipinga, na ninaweza kushinda,” wakili alisema. “Ila mimi simfundishi mtu uongo. Mama akiulizwa, atasema alichokiona.”

Miaka kumi na tisa nilikuwa mkwe wake, na sikumbuki hata siku moja aliyonipinga. Tulikuwa na heshima ile ya ukwe iliyopitiliza: nikiingia sebuleni yeye alipata kazi jikoni, na akitaka kujua kama nimeshiba alimtuma mjukuu aniulize. Sasa alizungumza, lakini na mkoba wake.

“Mimi sheria siijui, mkwe wangu. Siku ile nilisoma dua zote ninazozijua. Zikaniishia kabla hatujafika kona ya kwanza. Nikaanza kuwataja wajukuu, mmoja mmoja. Ukiniambia nisiseme, sitasema. Wewe ndiye baba yao.”

Laiti angenifokea, ningejitetea. Lakini alikuwa radhi kuubeba uongo wangu hadi mahakamani, mwanamke ambaye hata chenji ikizidi huirudisha dukani. Nikamwambia wakili nitakiri.

Hakunisifu. “Haya,” alisema. “Sasa ndipo kazi inapoanza.”

Nilidhani mtu akishakiri wakili wake hana la kufanya. Kumbe. Wiki mbili zilizobaki hadi siku ya kesi alinituma kwa mshauri wa watu wenye shida ya pombe kabla mahakama haijaniamuru. Alinipeleka kwa mwalimu mkuu kuomba radhi, nami nikashika mwiko nikaupiga lipu ule ukuta kwa mikono yangu. Kisha akanifundisha kumjibu hakimu bila neno “lakini”. Kila liliponiponyoka aligonga meza na kusema, “Breki.”

Siku ya kesi, hakimu aliniuliza kama nimelielewa shtaka. Nikasema nimelielewa, na ni kweli. Wakili alisimama, akaeleza kwa maneno machache nilivyokuwa na nilivyoanza kuwa, akaketi. Nikatozwa faini, na leseni ikafungiwa miezi kumi na minane. Nilitarajia kutoka nimeinamisha kichwa. Badala yake nilipofika kwenye ngazi nilihisi njaa, njaa tamu ya mtu aliyepona homa.

Pombe sijaionja tena. Mwenye chuo chetu cha udereva alinihamishia darasani kufundisha alama za barabarani, na nikagundua kwamba nina mzaha zaidi nikiwa na chaki kuliko nikiwa na usukani. Lakini miezi ile ninaikumbuka hasa kwa Alhamisi zake. Ndiyo siku ya mama mkwe kwenda kliniki, na bila gari tulikwenda kwa basi. Mwanzoni tuliacha kiti kimoja wazi katikati yetu, akaweka mkoba. Mwezi wa tatu mkoba ukahamia mapajani. Akaanza kunisimulia ujana wake.

Alhamisi moja, tukirudi, alikuwa ananieleza jinsi marehemu mumewe alivyoshindwa kujifunza baiskeli, mara sentensi ikakatika. Usingizi ulikuwa umempitia, kichwa chake kimeniegemea begani. Nilikaa kama niliyemwagiwa zege. Kondakta alikitaja kituo chetu, akanitazama. Nikamwashiria kwa mkono waendelee.