Unga wa Gati

"Hajashindwa," Bhoke alisema, mkono kiunoni. "Nani kakuambia ameshindwa?"

"Shemeji yako Heche. Barua ya mwalimu ya kumtoa binti yako shuleni anayo tangu jana, na ng'ombe wangu wameshaingia zizini kwake." Rhobi alisimama upande wa pili wa uzio wa minyaa, hana haraka. "Bhoke, mimi si mchawi. Sina mtoto wa kiume. Yangu ni nyumba ntobhu, naoa binti kama walivyooa bibi zetu, aniletee wajukuu siku moja. Gati atakula, atavaa. Huko shuleni wamemfanyia nini zaidi ya kumlimisha?"

Majirani walikuwa wameshatoka na vibuyu, wanajifanya wanakwenda mtoni. Hakuna aliyekwenda mtoni.

Hapo Rhobi alikuwa amegusa kidonda. Kemambo nzima iliijua dawa ya Mwalimu Kornelio kwa watoto wazito. Aliyeshindwa kusoma ubaoni alichapwa. Akishindwa tena alivishwa kibao shingoni chenye picha ya punda. Akizidi, jembe. Gati alilima shamba la mwalimu misimu miwili, wenzake wakiimba irabu ndani. Siku aliyochoka akalitupa jembe, aliandikwa daftarini kuwa mkaidi.

Lakini mwezi uliopita Bhoke alimkuta jikoni ameinamia ungo wa unga wa ulezi, anachora kwa kidole.

"Ubaoni herufi zinarukaruka, mama. Hapa zinatulia."

Bhoke hakujua hata herufi moja. Alimwita Philomena, binti wa katekista, aje atazame. Philomena akasoma, akamtazama Gati, akasoma tena. Ni maneno, alisema. Maneno kamili.

Sasa Bhoke aliwaacha wenye vibuyu na midomo wazi. Akaufunika unga kwa jani la mgomba, akajitwika ungo, akamshika Gati mkono hadi shuleni.

Mwalimu alikuwa anapaka chokaa mawe ya njiani. Mkaguzi alikuwa anakuja Jumatatu.

"Mama Gati, nilishaandika barua."

"Mtazame tu, mwalimu. Halafu useme."

Gati alipiga magoti, akasawazisha unga kwa kiganja, akaandika polepole, ulimi umetoka kidogo. Kornelio aliinama. Brashi yake ikadondosha chokaa juu ya kiatu, asione.

"Kaandika nini?" Bhoke aliuliza.

Mwalimu alikohoa. "Shamba la mwalimu lina vichuguu saba."

"Ni kweli vipo saba?"

Mwalimu alinyoosha mgongo. "Mtihani hauandikwi kwenye unga, mama. Mkaguzi anatazama waliofanya mtihani na waliofaulu. Wakifaulu wote, tunapewa darasa la tano, na watoto wa eneo hili hawatatembea tena hadi misheni. Nimewatoa sita. Unataka niharibu kwa ajili ya mmoja?"

"Kwa nini hukumfundisha hivi?"

"Nilimpa kazi ya mikono. Wa aina yake hufundishwa hivyo." Akachovya brashi, akarudi kwenye mawe yake.

Heche aliwaona wakirudi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwa Rhobi, kata ya pombe mkononi, na alimwita mjane wa kaka yake kwa kidole. Bhoke aliingia. Angekwenda wapi, na nyumba anayolala ni ya Heche?

Waliongea wao, Heche na Rhobi. Bhoke aliulizwa mara moja tu kama amesikia. Gati alikaa chini karibu na mlango wa jiko, ungo mapajani, akaandika herufi nne za jina lake, akazifuta, akaziandika tena, safari hii kubwa, mpaka zikaujaza ungo.

Rhobi, aliyekuwa ameingia jikoni, akatoka akijifuta jasho. Maji yalikuwa yanachemka. Aliuona unga, akafurahi kweli.

"Kumbe hamkuja mikono mitupu."

Aliuchukua ungo kwa mikono miwili, kwa heshima, akaumimina wote chunguni. Bhoke alikuwa amenyanyuka nusu. Heche alimtazama, Bhoke akakaa.

Mwiko ulizunguka muda mrefu. Kisha Rhobi alichungulia mlangoni, uso umelainika kwa mvuke.

"Ingia, mwanangu. Nawa mikono, ule."