Betri za Maua ya Swaumu

Saa mbili asubuhi Swaumu alishuka kutoka paa la ghorofa anayokaa, Mtaa wa Msimbazi, na ndoo mbili za maua. Akayapanga mezani kwake Kariakoo: mabichi kulia, kushoto makavu, yaliyoning'inia kichwa chini wiki tatu. Kuyatofautisha ilikuwa kazi. Maua ya aina hii huwa na petali kavu zinazolia kama karatasi tangu yakiwa kwenye shina.

Balaa lilianzia hapo. Kila mteja aliyagusa, akayasikiliza, akauliza ni plastiki ya China au ya Uturuki. Kwa miezi minne Swaumu alieleza habari za mbegu ndogo kama ugoro, alizozimwaga juu ya udongo kwenye makopo ya rangi, bila kuzifukia, maana zinataka mwanga. Walimsikiliza kwa heshima zote, kisha wakamwambia plastiki ile ni nyepesi, apunguze bei.

Abdulmajid, aliyemkodisha meza ile, alichoka. Asipouza hadi Ijumaa, alisema, nafasi atapewa muuza maua ya plastiki anayejua biashara.

Alhamisi asubuhi Bi Moza, aliyetafuta mashada ya harusi ya bintiye, alilibofya ua moja la njano.

"Shikamoo, mama," likasema ua.

"Marahaba." Bi Moza akalipindua, akachungulia chini ya shina. "Betri zinaingia wapi?"

"Halina betri, mama. Nimelipanda mwenyewe, kwa mbegu."

"Usinifanye mshamba, mwanangu."

Ua likamtetea Swaumu. Likataja kopo lilikoota, la rangi ya kijani, lenye kutu, na siku kunguru alipotaka kuling'oa. Maua mengine nayo yakaanza kuwaamkia wapita njia. Bi Moza akasema Wachina wamefika mbali, akauliza kama lipo linaloimbia maharusi.

Swaumu aliacha kueleza. Akavuka barabara, akanunua betri za rimoti, akarudi kuzifunga mbilimbili kwa katani kwenye kila shada. Kufikia adhuhuri mashada yote yalikuwa yameondoka, yakiiaga meza, moja baada ya jingine. Abdulmajid alimpongeza kwa kupata akili, akamwachia nafasi, akauliza kontena lijalo linaingia lini.

Jioni Swaumu alipanda ngazi na ua moja lililobaki. Wakafika ghorofa ya tatu. Hapo likauliza, kwa adabu, betri zake ziko wapi.