Mguu Uliopinda wa Yuen Sik-bo

"Na asiye na mtu, nani humfukua?"

Jirani yangu Katina aliniuliza hivyo tukianika nguo, yeye upande wake wa seng'enge na mimi upande wangu, hapa Darwin, mwaka 1936. Katina ni Mgiriki, mke wa mwoka mikate. Kwao nako wafu hufukuliwa na mifupa yao huoshwa kwa divai, kwa hiyo hakushtuka nilipomwambia kwamba mfukuaji wetu ameshafika, na kwamba marehemu mume wangu, Yuen Sik-bo, atasafiri na meli ya mwezi ujao kurudi kwao Toishan, Uchina. Alitaka kujua hilo moja tu.

"Chama humfukua," nikamjibu.

"Chama si mama, jirani."

"Si mama, lakini kina orodha."

Akacheka mpaka kibanio cha nguo kikamtoka mdomoni. "Ninyi Wachina! Hata peponi mtaingia kwa orodha."

"Afadhali sisi. Ninyi mtaingia kwa kusukumana."

Nilicheka naye, ila moyo wangu ulikuwa kwa mama mkwe. Alikuwa na miaka themanini na sita, na shemeji yangu alikuwa ameandika kwamba mama halali tena kitandani. Anasinzia kwenye kiti, uso mlangoni, na akiambiwa alale hujibu, "Nitalala mwanangu akishaingia." Mimi nilikuwa nimemwahidi Sik-bo alipokuwa mgonjwa kwamba nitamfikisha kwa mama yake. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita, na yule mama hakuwa na miaka mingine ya kunikopesha.

Mfukuaji wetu, Mzee Leong Dak, alikuwa mtu wa miaka sabini. Kwa miaka thelathini alikuwa akizunguka pwani yote ya kaskazini, kutoka Cooktown hadi Broome, akikusanya watu wetu ardhini. Alijivunia kwamba hajawahi kupoteza hata kidole. Siku ya kufukua nilimshikia mwavuli, maana mifupa haipaswi kuona jua. Alichimba polepole, akiongea na marehemu kama mtu anayemwamsha rafiki yake mvivu.

"Haya, bwana Yuen, amka. Umelala kupita kiasi. Meli haimngoji mtu."

Kwanza alitoa tofali. Kwetu kila maiti huzikwa na tofali lililochongwa jina, ili hata mbao zikiliwa na mchwa mtu asipotee. Mzee Leong alilishika, akalitazama kitambo kirefu, kisha akalifuta kwa kiganja na kusoma, "Yuen Sik-bo." Akaliweka kando.

Kisha mifupa ikaanza kutoka, mmoja mmoja, kuanzia miguuni. Aliipiga brashi, akaiosha kwa pombe ya mchele na kuilaza mkekani chini ya mwavuli wangu. Mfupa wa muundi wa kulia ulikuwa umenyooka. Wa kushoto nao ukatoka, umenyooka kama mwanzi.

Niliinama kuuangalia, mwavuli ukaenda upande, na jua likaingia.

"Mwavuli, Mama Yuen!"

"Mzee Leong, huyu si mume wangu."

"Unasemaje?"

"Sik-bo aliangukiwa na gogo la taruma kwenye reli ya Katherine. Muundi wa kushoto uliungana vibaya, ukapinda, una fundo kama tangawizi. Mimi ndiye niliyeukanda miaka sita."

Mzee Leong alichuchumaa pale pale, akaushika mfupa ule kwa mikono miwili. "Mguu uliopinda," akasema taratibu. "Mungu wangu. Huo nimeuosha. Nimeuosha mwaka 29, katika kaburi la pili yake, kwa jina la Kwong Hoi. Nikasema moyoni, maskini mzee Kwong, kumbe alichechemea na hatukuwahi kumuuliza."

Kwong Hoi alikuwa mtunza bustani ya mboga. Alikufa miaka miwili kabla ya Sik-bo, bila mke wala mtoto aliyejulikana. Ndiye yule asiye na mtu. Kumbe mume wangu alishasafiri miaka saba nyuma kwa jina lake, na mimi nilikuwa nimefagia kaburi la Kwong Hoi na kumpelekea wali na chai kila mwaka, nikimwita mume wangu.

Hapo nilijua kosa limetoka wapi. Kabla ya mwaka ule wa 29, mvua kubwa ilibomoa mteremko wa makaburi. Mti wetu wa alama uling'oka, vilima vyote vikasawazishwa na ardhi, na nilipofika asubuhi niliyakuta matofali mawili mtaroni. Mimi nilizaliwa hapa Darwin. Masista walinifundisha herufi zao madarasa manne, zetu hakuna aliyenifundisha. Niliona aibu kwenda kumwita mtu anisomee jina la mume wangu mwenyewe. Niliyachimbia yote mawili kwa kubahatisha, moja kushoto, moja kulia, nikajiambia Mungu anajua. Mzee Leong alipokuja akafukua kaburi la kushoto kwa jina la Kwong, nami nikashika la kulia.

Sikusema.

Jioni ile, mbele ya wazee wa chama, Mzee Leong alivua kofia. "Kosa ni langu," akasema. "Mimi ndiye mfukuaji. Andikeni hivyo." Na katibu akaandika hivyo.

Barua ya chama ya kuuliza Sik-bo alipelekwa wapi iliondoka mfukoni mwa mpishi wa meli. Mimi kila asubuhi nilifagia hekalu na kumwashia udi Kwun Yam, Bibi wa Rehema, na wala sikuthubutu kumtazama usoni. Nilijiambia haiwezekani. Hong Kong kuna nyumba inayopokea wafu wetu kutoka kila nchi tuliyokwenda kutafuta riziki: Peru, Kalifornia, Jamaika, Nyuzilandi. Wanasema masanduku hupangwa humo vyumba kwa vyumba, kila sanduku na jina lake, yakingoja mtu wa kijijini kwake. Nani atamtafuta mmoja aliyetoka humo zamani, tena kwa jina lisilo lake?

Walimtafuta. Karani wa nyumba ile, asiyenijua, alifungua kitabu cha mwaka ule. Akaandika wilaya ya Hoiping, kwa mwenye duka la dawa. Mwenye duka akamtuma muuza nguruwe, na muuza nguruwe akauliza kijiji kwa kijiji mpaka akafika kwa akina Kwong. Kwa miezi minane watu wale walipokezana neno letu mkono kwa mkono, kama ndoo ya maji wakati wa moto, na tone halikumwagika. Mpaka leo nikikumbuka hilo nywele husimama.

Majibu yalikuja katika bahasha moja, barua mbili. Tulikusanyika hekaluni kabla ya adhuhuri. Katina naye alikuja akakaa nyuma, amefunga kitambaa chake kichwani. Katibu akasoma ya kwanza, iliyoandikwa na mwalimu wa kijiji kwa niaba ya mwanamke.

"Mimi ni mke wa Kwong Hoi. Mume wangu sijamwona. Aliondoka kabla sijaletwa, kwa hiyo siku ya harusi niliinama pamoja na jogoo aliyeshika nafasi yake, kama ilivyo desturi. Nimekaa kwa wazazi wake miaka arobaini na minane. Sanduku lilipofika niliosha mifupa upya, nikaona mguu umepinda. Nikalia sana, nikasema, huko aliumia na sikuwepo. Nimefagia kaburi lake miaka saba. Sasa mnaniambia ana mama yake na mama yupo hai. Msimtume mtu mwingine. Nilimpokea mimi, nitampeleka mimi. Na wangu mleteni, nimjue."

Mzee mmoja akapenga kamasi kwa nguvu. Katina alitaka kujua kimesemwa nini, nikamnong'oneza. Akajifanyia ishara ya msalaba.

Barua ya pili ilikuwa ya shemeji yangu.

"Shemeji, mwanamke mzee alikuja hapa kwa miguu, mwendo wa siku mbili. Kaka alikuwa mgongoni mwake ndani ya mtungi, amefungwa kwa mbeleko nyekundu kama mtoto. Alipiga magoti akamkabidhi mama. Mama aliingiza mkono, akapapasa mpaka akaupata mfupa ule wenye fundo, maana kaka alikuwa amemwandikia habari za mguu. Akasema, 'Umechelewa, we mtoto.' Kisha akaomba apelekwe kitandani, akalala mchana kutwa na usiku kucha. Ameamka na anakula."

Niliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu, na nilipoinuka sikuweza tena kunyamaza. Mwanamke aliyefungishwa ndoa na jogoo amembeba mume wangu mgongoni, nami nimeacha mzee wa watu abebe kosa langu!

"Ndugu zangu," nikasema, "Mzee Leong hakukosea. Matofali niliyaweka mimi. Sijui kusoma jina la mume wangu."

Wote walimgeukia Mzee Leong, aliyekuwa amesimama karibu na mlango.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua tangu lini?"

"Nilipolishika lile tofali nilishangaa, na mguu ulipotoka nikaelewa. Lilikuwa limesimama kichwa chini, Mama Yuen. Na la Kwong mwaka 29 lilikuwa hivyo hivyo. Anayejua kusoma hawezi kumsimamisha mtu miguu juu. Na katika safu ile mwenye kufagia alikuwa mmoja tu."

"Sasa kwa nini ulikubali waandike wewe?"

Aliitoa kofia yake msumarini, akamwinamia Bibi wa Rehema mara tatu, akatoka.