Bawa la Kulia

Kitendawili! Ndugu wawili wanavuta mkokoteni mmoja. Akisimama mmoja, anayeupindua ni yule anayeendelea kuvuta. Fikiri kwanza. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, umenipa Namanyere, nimekwenda, nimetawala, nimekula samaki wao, migebuka, nimerudi. Ni ndege ya injini mbili.

Siku ile Isdori alikuwa ameipakata ndege ya namna hiyo uani kwake, mtaa wa Chanji, analisugua bawa kwa msasa laini. Usishangae. Ilikuwa ndogo, urefu wake kama mtoto wa miaka miwili akilala, imechongwa kwa lile povu gumu jeupe linalokuja na friji ndani ya boksi. Lakini ilikuwa na mota mbili, betri, usukani wa mkia na rimoti ya kuiongozea, nayo iliruka kweli. Mtaani walimwita Kapteni, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili, walisema, bado anacheza.

Hakuwa anacheza. Kwa miaka tisa alikuwa amechonga ndege saba, na zote saba zilikuwa ndege ile ile moja.

"Hodi, Isdori!"

Aliijua sauti. Akasimama, msasa ukamwanguka. "Karibu, Mama Amin. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Bi Kulsumu aliingia taratibu, mkono mmoja kiunoni. Mjane wa mwenye malori, amekaa dukani mjini miaka arobaini, na sauti yake ilikuwa bado ya kuamrisha watu wapakie upya. Akaiinamia ndege.

"Herufi zake za ubavuni umeziandika?"

"Nimeziandika."

"Na kiti chake?"

Isdori akamwonyesha. Nyuma ya kioo cha plastiki kulikuwa na kiti cha rubani, kidogo kama kibiriti, kitupu.

Amin alikuwa mwana wa mwisho wa Bi Kulsumu, rubani wa ndege ya kupeleka dawa na kuleta wagonjwa, iliyoruka kutoka kiwanja cha nyasi nje ya mji. Isdori ndiye alikuwa mtu wa kiwanja: kufyeka, kufukuza ng'ombe, kupampu mafuta kutoka kwenye mapipa, na kuyachuja. Kuchuja kwenyewe ni hivi. Unaingia chini ya bawa, unakinga mafuta kidogo kwenye kikombe cha kioo, unayainua juani. Kama pipa liliingia maji, utayaona yamekaa chini, yanakuangalia kama jicho. Unamwaga, unakinga tena, mpaka kikombe kiwe safi. Kisha unakwenda bawa la pili.

Asubuhi moja ya masika, miaka tisa nyuma, alichuja la kushoto, akakuta maji, akayamwaga mara tatu. Alipoinuka aende la kulia, akamwona baba mkwe wake, Mzee Vitus, anapita ukingoni mwa kiwanja na jembe begani. Kwetu Ufipa mkwe hapungiwi mkono. Isdori akaweka kikombe chini, akachuchumaa, akapiga makofi ya polepole. Akaulizwa habari za mke, za watoto, za ulezi, za mvua, za ng'ombe aliyevunjika mguu, akajibu moja moja bila kuinua macho, mpaka mzee akatosheka, akaenda zake. Alipoinuka, injini ya kwanza ilikuwa inanguruma.

"Umechuja?" Amin alipaza sauti dirishani.

"Tayari, kapteni!"

Wala hakuwa anadanganya. Kwa wakati ule aliamini. Alikumbuka pale mlio wa upande mmoja ulipokatika na ndege kujipinda kulia, chini chini, hadi kwenye ulezi wa watu. Iliungua yote, na Amin ndani. Wataalamu wakaja, wakapima, wakaandika kwamba rubani alikanyaga pedali ya usukani ya upande usiofaa. Mji ukashika hilo. Isdori akanyamaza. Hata Monika, mkewe, hakumwambia. Angeanzaje bila kumtaja baba yake? Mzee Vitus alikwenda kaburini akiisifu adabu ya mkwe wake.

"Alhamisi tunamsomea dua," alisema Bi Kulsumu, akijishusha kwenye kigoda. "Wewe ulikuwepo, Isdori. Miaka yote hii sijakuuliza. Ile injini ilizimika kwa nini?"

Isdori akaokota msasa. "Ngoja rangi ikauke kwanza, mama."

"Nimekuuliza habari za rangi?"

Kuku akapita kati yao. Isdori akasugua mahali palipokwisha kulainika zamani.

"Haya," mama akasema, akiinuka. "Kesho utairusha niione."

Kesho yake Yunusu, dereva wa duka, akaja na pikapu iliyobeba mizigo ya wateja. "Kapteni, leo tunafika Dar au tunaishia Mpanda?" akatania, lakini Bi Kulsumu alipomtazama akaziba mdomo mpaka walipofika uwanda wa nyasi juu ya mji, ambako hakuna mti wa kuzuia kitu. Upepo wa huko unakuvua kilemba bila hodi.

Ndege ikakimbia kwenye njia ya ng'ombe, ikanyanyuka. Mota zote mbili ziliimba sauti moja. Bi Kulsumu aliifuata kwa uso wake, kiganja juu ya macho, na midomo ikitembea.

"Sasa zima moja," akasema.

"Mama..."

"Ya kulia. Ile ile yake."

Isdori akaizima. Ndege ikageuza pua kulia kama mtu aliyeitwa. Akasukuma usukani kushoto mpaka mwisho; ikayumba, ikanyooka, ikazunguka taratibu, ikatua kwenye nyasi.

Yunusu akapiga kofi. "Mzima mzima! Kapteni, wewe ni moto!"

Bi Kulsumu hakupiga kofi. Alikuwa kama mtu aliyesomewa hukumu mara ya pili.

"Kumbe inawezekana," akasema. "Kumbe kweli mwanangu alikosea."

"Hapana, mama!" Isdori alisema kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Hii ni tupu, na ilikwisha kupanda. Yake ilijaa mafuta, na madawa, tena ndiyo kwanza inaacha ardhi."

Mama akahesabu jambo analolijua. "Lori tupu linamdanganya dereva," akasema mwishowe. "Yunusu, leta chumvi."

"Chumvi ya wateja, bibi?"

"Leta!"

Wakaipakia pakiti mbili tumboni, wakafunga kwa mpira. Safari hii ndege ilikimbia sana kabla ya kunyanyuka, na iliponyanyuka ilikuwa nzito, inaning'inia. Ilipofika urefu wa paa la nyumba, Isdori akazima ya kulia, akasukuma usukani kushoto, papo hapo, mpaka mwisho. Haikumsikia. Ikalala ubavu, ikajiviringisha, ikajibamiza. Chumvi ikatawanyika kwenye nyasi, nyeupe, kama umande ulioganda Juni alfajiri.

"Uliielekeza wapi?" Bi Kulsumu aliuliza.

"Kushoto, mama."

"Hukuchelewa?"

"Sikuchelewa."

"Hukukosea?"

"Hapo sikukosea."

"Basi na yeye hakukosea."

Akakaa chini, na khanga zake nzuri, palepale nyasini. Alilia bila sauti, mabega tu. Yunusu akageuka kando, akajifanya anakagua matairi.

Baadaye mama alijifuta uso, akampa Isdori mkono amwinue, na hakuuachia. "Mungu akulipe. Alhamisi nitasimama mbele ya wote niwaambie. Nawe utakaa ubavuni kwangu, kama mtoto wa nyumbani. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Angeweza kuishia hapo. Jina la Amin lilikuwa limeshasafika. Hakuna aliyebakia kumuuliza kitu. Yunusu alikwisha kuwasha pikapu, na mama alikuwa anatembea kuielekea, hatua zake nyepesi kuliko alivyokuja, anapiga hesabu ya mchele wa dua kwa sauti. Isdori akabaki ameshika kipande cha bawa. Upepo ulikivuta, unataka kukirusha.

"Mama Amin."

Akageuka.

"Jana uliniuliza, sikukujibu."

Mama akarudi hatua moja, kisha nyingine, akasimama. Alimwashiria Yunusu azime gari. Yunusu akazima, na uwanda wote ukabaki na upepo peke yake.

Jina la Mzee Vitus lilimfika Isdori mdomoni. Akalimeza.

"Yalikuwa maji, mama. Pipa lilikuwa na maji, na nilijua lina maji, maana ya bawa la kushoto niliyatoa kwa mkono huu. La kulia sikulichuja. Amin aliniuliza. Nikamwambia tayari."