Ameondoka Hai

Gazeti la juzi lilikuwa limefungiwa sabuni. Mkunga mstaafu alilikunjua alitandike chini ya beseni la kumwogeshea mjukuu wake, macho yakanasa kwenye maandishi makubwa: WODI YA WAZAZI, MWAKA MZIMA BILA KIFO.

Alisoma mara tatu. Mtoto alikuwa na miezi mitano duniani. Mama yake, binti wa pekee wa mkunga, miezi mitano kaburini.

"Bila kifo!" alimwambia mtoto. "Basi wewe uliokotwa jalalani?"

Mtoto akacheka. Bibi alimwogesha taratibu hadi vidoleni, maana hasira ile haikumhusu mtoto. Kisha akamfunga mgongoni, akatia gazeti kwapani na kushika njia, damu ikimchemka.

Kwenye ofisi ya gazeti, mlinzi alimpisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamwitia mwandishi wa habari ile. Alikuja dada mmoja, kalamu nywelani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo. Takwimu zimetoka hospitali kwenyewe. Zina mhuri."

"Sikuulizi mhuri, mwanangu. Ulihesabu, au ulihesabiwa? Mbona mama wa huyu mjukuu wangu hayumo?"

Mwandishi alitaka kucheka, akamwona mtoto. Cheko likamfia mdomoni.

"Mama yake alifia wapi?"

"Ndani ya gari la wagonjwa, wakimpeleka hospitali kuu."

Mwandishi akavuta simu, akaifungua sauti wasikie wote, akauliza habari za marehemu. Hospitali ya wodi ile ikajibu, "Huyo kwetu aliondoka hai." Hospitali kuu nayo ikajibu, "Huyo alifika ameshakufa. Si wa kwetu."

"Kumbe alifia hewani, kama ndege!" mkunga alifoka. Akatoa namba ya dereva wa gari lile, mtu aliyemletea shuka la binti yake siku ya tatu ya msiba, amelifua na kulipiga pasi.

"Ninalo daftari la safari, dada," dereva alisema. "Saa ya kutoka, saa ya kufika, hali ya mgonjwa. Ngoja." Kurasa zikasikika zikipinduliwa. "Saba. Mwaka huo wanaousifia, wamenifia saba njiani. Nami nifanyeje? Wauguzi wananihimiza: washa gari upesi, asitufie mikononi."

Mkunga alikuwa amekwisha kuinua mkono agonge meza. Mkono ukabaki juu.

Maneno yale aliyajua. Yalikuwa yake.

Miaka ishirini na miwili alikuwa mkuu wa wodi ile. Kila kifo kilimletea barua ya karipio. Ukurasa safi ulimletea pongezi. Basi mgonjwa akizidiwa, damu haipo, barabara ni ya saa nzima, yeye mwenyewe aliamuru apakiwe garini, kisha kwa mwandiko wake mzuri akaandika kitabuni: Ameondoka hai. Wala hakusema uongo. Aliwafundisha hivyo na wanafunzi wake, mmoja baada ya mwingine, na ni hao waliompokea binti yake.

Aliushusha mkono polepole. Hasira haikutoka, iligeuka tu, ikamtazama usoni.

"Mama, unajisikia vibaya?" Mwandishi alikuwa ameshamsogezea glasi ya maji. "Nitasahihisha, na kwenye ukurasa uleule wa mbele. Wakinifukuza, wanifukuze. Saba, pamoja na binti yako."

"Andika saba," mkunga alisema. Maji hakuyagusa. "Kisha chini yake uache nafasi."

"Nafasi ya nani?"

Mkunga alimfungua mtoto mgongoni, akampakata. Akafumba macho, akaanza kuwahesabu wa enzi zake wodini, akikunja vidole vya mkono wa kulia: yule mwalimu, yule mshonaji, yule wa mapacha. Alipofika cha nne, mtoto alikidaka na kuking'ang'ania.

Bibi hakukivuta. Aliendelea kwa mkono wa kushoto.