Shimo la Saa ya Maji

Mdachi alipofikisha reli Dodoma, injini zake zilitaka maji, na maji yakatafutwa kwenye chemchemi ya mlimani, upande wa Ihumwa, yakashushwa kwa bomba la chuma hadi tangi la stesheni. Katikati ya njia ikawekwa saa ya maji, chombo cha shaba chenye gurudumu dogo ndani na sindano juu, ili ijulikane ni maji kiasi gani yamepita. Shaaban, fundi kutoka Kondoa, alikuwa shimoni akiiunganisha pale kingo zilipoporomoka. Mvua ilikuwa imenyesha na mchanga umelegea. Mwenzake Abbasi, aliyekuwa naye humo humo, alifukuliwa akiwa hai. Shaaban alifukuliwa baadaye.

Mkewe, Mwamvua, alikaa eda yake yote bila kulia. Wanawake walimtazama macho yake makavu, kisha wakatazamana.

Alipotoka eda, msimamizi wa Kizungu akamwita na kumwuliza kupitia mkalimani kama angependa kazi. Shimo sasa lilikuwa limejengewa kwa mawe na kufunikwa kwa mbao. Kila asubuhi atoe mchanga ulioingia, afute kioo, aangalie kama sindano inatembea. Mwamvua akakubali. Hakuwa na sababu ya kukubali, wala hakuwa na sababu ya kukataa.

Mama mkwe wake, Bi Kuluthumu, alikuwa amekuja msibani kutoka Kondoa na hakuwa amerudi kwao. Aliposikia, alisukuma sahani ya ugali pembeni.

"Mwanangu kafia humo, nawe unakwenda kufagia?"

"Mchanga ukijaa, saa inakwama, mama."

"Na ikwame! Inakuhusu nini?"

Mwamvua akafikiri. "Hainihusu," akasema, akatoka kwenda kazini.

Siku zilikwenda hivyo. Alifagia, akafuta, akarudi nyumbani, akasaga uwele, akalala. Kiangazi kilipokolea na upepo kuanza kubeba vumbi la uwanda mzima, asubuhi moja alikuta sindano imesimama. Aliweka kiganja juu ya bomba. Maji yalikuwa yakipita, lakini kwa shida. Akaenda stesheni kumwita Abbasi.

Abbasi alikuja na spana na vipande vipya vya ngozi vilivyopakwa mafuta ya ng'ombe. Alifunga koki ya juu, akafunga na ya chini. Kisha akaweka mguu kwenye ngazi, na papo hapo akaurudisha.

"Shemeji, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kushuka. Tangu siku ile sijashuka. Huwa namtuma mwenzangu, naye leo yuko safarini."

Jasho lilikuwa likimtiririka, na jua lilikuwa bado halijachoma. Mwamvua alimtazama kama mtu anavyotazama mvua inayonyeshea kijiji cha mbali.

"Nipe hiyo spana," akasema. "Wewe nielekeze."

Akashuka. Abbasi alilala kifudifudi ukingoni akimwelekeza. Nati zilipolegea, maji yaliyobaki yakamrukia Mwamvua usoni, naye hakujifuta. Saa ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana. Chujio lake lilikuwa limejaa mchanga na nyuzi za mizizi. Alilisafisha kwa maji ya kopo, akalisukuma lile gurudumu kwa kidole mpaka likazunguka lenyewe.

"Sasa uirudishe," Abbasi akasema. "Huo mshale ubavuni uelekee stesheni, maji yanakokwenda. Ukiigeuza, itahesabu kinyume."

"Umeelekea."

"Ngozi zikae katikati. Kaza kidogo huku, kidogo huku. Usimalize upande mmoja kwanza."

Akakaza. Abbasi akasema, "Alikuwa akinigombeza."

"Nani?"

"Shaaban. Nilimpa spana siyo. Akasema, 'Abbasi, hii kafungie mkokoteni!' Nikageuka kuchukua nyingine, ndipo..."

"Huku kumekazika," Mwamvua akasema. "Tazama na huku."

Alipopanda juu alimkuta Abbasi amekaa juu ya kifusi, kilemba amekivutia usoni, mabega yakitikisika. Mwamvua akaenda kufungua koki mwenyewe, polepole, ili upepo utangulie kutoka. Bomba likakohoa, sindano ikatetemeka, kisha ikaanza kutembea.

"Umekula?" akamwuliza.

"Bado."

Akafungua pindo la kanga, akampa karanga. Wakatafuna.

Jioni alimsimulia mama mkwe habari ya spana, neno kwa neno, kama mtu aliyetumwa. Bi Kuluthumu akacheka. "Ndivyo alivyokuwa! Tangu mtoto, mgomvi wa vyombo." Kicheko hakikufika mwisho. Kilikatika katikati, akalia.

Kesho yake bibi huyo akamfuata hadi shimoni. Alisimama ukingoni, akasoma Fatiha. Mwamvua akaitikia amina. Alingoja kitu kifuani, kama mtu anavyomngoja mgeni aliyesema atakuja, na hakikuja.

"Shika huku, mama. Kifuniko kizito."

Wakakirudisha pamoja.

"Masika yakianza narudi Kondoa," Bi Kuluthumu akasema. "Twende wote. Kule kuna shamba na kuna watu."

"Nitakwenda."

"Na hii saa utamwachia nani?"

"Watapata mtu," Mwamvua akasema.